Jyotisha, unajimu wa Kihindi: Nani kweli ni mjuzi wake?

Huku kwetu mwambao neno nyota si geni. Mtu akiandamwa na mikosi huambiwa nyota yake imefifia, na wachumba wakizozana kabla ya harusi husemwa nyota zao hazipatani. Na kwa kuwa tumeishi na jirani zetu Wahindi mtaa mmoja kwa vizazi, wengi wetu tumesikia pia kwamba harusi fulani imeahirishwa kwa sababu panditi ameona siku si njema, au posa ya binti imerudishwa kwa sababu ya Mirihi. Siku hizi mambo yamezidi. Ukifungua simu hukosi kukutana na tangazo la "mnajimu wa Kihindi" anayeahidi kurudisha mume aliyeondoka, kufungua biashara iliyofungwa na kutaja siku ya kupata kazi, mradi utangulize pesa.

Baina ya jirani anayefuata mila yake na tapeli wa kwenye simu, ipo elimu yenyewe. Kwa Kisanskriti huitwa Jyotisha, na ina vitabu, hesabu na walimu wake. Makala haya yanaeleza elimu hiyo ni nini, anayetaka kuimiliki hupita njia gani, na inaishia wapi. Hatukusudii kumwingiza mtu wala kumdharau anayeisadiki. Tunachotaka ni msomaji aweze kumpambanua mjuzi na mjanja, kwa sababu watu hutoa pesa, huvunja uchumba na hata huacha dawa kwa neno la mtu aliyejiita mnajimu.

Si ramli, wala si hesabu ya jina

Kwanza tuondoe mchanganyiko. Mganga wa huku anapotafuta nyota ya mtu, mara nyingi huuliza jina lake na jina la mamake, akahesabu herufi kwa abjadi, akapata buruji. Ramli nayo ni kupiga nukta na kusoma maumbo yake. Jyotisha haifanyi hayo. Msingi wake ni tarehe, saa na mahali pa kuzaliwa, na kutokana na hivyo vitatu huchorwa chati inayoonyesha jua, mwezi na sayari zilikuwa wapi mbinguni dakika ile.

Tena kwa Wahindi wengi mambo huenda kinyume na yetu. Kwetu jina huhesabiwa likatoa nyota. Kwao nyota aliyokuwemo mwezi mtoto anapozaliwa ndiyo hutoa herufi ya kwanza ya jina lake. Kwa hiyo mtu anayedai kufanya unajimu wa Kihindi huku akikuuliza jina lako na la mamako peke yake, huyo anafanya jambo jingine.

Asili yake

Wahindi wa kale waliihesabu Jyotisha kuwa miongoni mwa elimu 6 za kusaidia Veda, pamoja na matamshi, arudhi, sarufi, maana za maneno na kanuni za ibada. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kalenda: kujua siku gani kafara itolewe na mwezi upo wapi. Maandishi ya kwanza yanayojulikana, yanayonasibishwa na Lagadha, yanahusu hesabu ya jua na mwezi. Hayana habari za kumtabiria mtu ndoa wala mali.

Utabiri wa mtu binafsi kwa buruji 12 ulikuja baadaye, na wanahistoria wanaona mkono wa Wayunani ndani yake. Hata maneno yanashuhudia: hora, yaani tawi la utabiri, na kendra, yaani nyumba kuu za chati, yametoka katika Kiyunani. Varahamihira, mwanachuoni wa Ujjain wa karne ya 6, aliwataja Wayunani kwa heshima katika elimu hii ingawa hawakuwa watu wa dini yake. Yeye ndiye aliyeandika Brihat Jataka, kitabu kinachosomwa mpaka leo, na Brihat Samhita, ambamo alieleza pia sifa anazopaswa kuwa nazo mnajimu.

Elimu hii ilivuka mipaka kwa njia nyingi. Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza Kisanskriti, akavisoma vitabu vya Varahamihira na kuandika kitabu kikubwa juu ya India mnamo mwaka 1030. Alikieleza kila kitu kama wenyewe wanavyokisema, kisha akatoa maoni yake mbali. Huo ni mfano mwema kwa yeyote anayetaka kuisoma elimu ya watu wengine.

Mlango wa kwanza ni hesabu

Vitabu vya kale vinaigawa Jyotisha mafungu 3. La kwanza ni hesabu za mbingu. La pili ni ishara za umma, kama mvua, njaa na vita. La tatu ni utabiri wa mtu mmoja mmoja. Wanaokimbilia fungu la tatu bila la kwanza ni wengi, hasa tangu programu za simu zianze kuchora chati kwa nukta moja. Programu ni msaada mzuri, lakini asiyejua ilichokifanya hawezi kujua ikikosea.

Mwanafunzi wa kweli huanza na mbingu yenyewe. Anajua kwamba jua huonekana kupita katika buruji 12, kila moja ikiwa na digrii 30. Anajua kwamba mwezi hupita vituo 27 viitwavyo nakshatra, kila kimoja kikiwa na digrii 13 na dakika 20, na kwamba kwa kuwa mwezi husogea karibu digrii 13 kwa siku, hukaa takriban siku moja katika kila kituo. Wazee wetu wa baharini na mashambani wangelielewa hilo upesi. Kundi la nyota tunaloliita Kilimia, walilotumia kupima majira ya kulima, Waarabu huliita Thurayya, na Wahindi huliita Krittika, kituo ambacho orodha zao za zamani zilianzia.

Kisha anajifunza panchanga, yaani kalenda yenye mambo 5: siku ya juma, tithi, nakshatra, yoga na karana. Tithi ni siku ya mwezi, na hupatikana kila mwezi unapojitenga na jua kwa digrii 12. Kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani kila siku, tithi huweza kuwa ya saa 19 au ikafika saa 26. Siku ya ibada hutegemea ni tithi gani ipo jua linapochomoza mahali ulipo.

Hapo kuna jambo linalofanana na mjadala wetu wa mwandamo. India na Kenya zimetengana kwa saa 2 na nusu. Tithi inayokuwepo jua likichomoza Mumbai huenda ikawa imekwisha jua likichomoza Mombasa. Anayesoma panchanga iliyochapwa India na kuitumia hapa bila kuihesabu upya anaweza kuwafungisha watu siku isiyokuwa yake.

Mahali pa kuanzia kuhesabu

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba buruji za Jyotisha haziendi sambamba na zile za magazeti. Unajimu wa Ulaya huanza kuhesabu pale jua linapofika mwezi Machi, usiku na mchana vinapolingana. Jyotisha huanza kwa kuzitazama nyota zenyewe. Lakini mhimili wa dunia huyumba polepole, kiasi cha digrii 1 kwa miaka kama 72, na kwa karne nyingi hesabu hizo mbili zimeachana kwa zaidi kidogo ya digrii 24. Tofauti hiyo ndiyo ayanamsha.

Ushahidi wake upo kwenye kalenda. Sikukuu ya Makar Sankranti, jua linapoingia Makara, yaani Jadi, huangukia tarehe 14 au 15 Januari, ilhali kwa hesabu ya Ulaya jua huingia Jadi tarehe 21 au 22 Desemba. Vivyo hivyo, aliyezaliwa tarehe 5 Aprili, ambaye gazeti humwita mtu wa Hamali, kwa Jyotisha jua lake bado limo katika Hutu.

Tatizo ni kwamba wenyewe hawakuafikiana juu ya kiwango cha ayanamsha. Serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda mwaka 1952 chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, na N. C. Lahiri akiwa katibu. Kalenda ya taifa ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957, na kiwango kinachojulikana kwa jina la Lahiri ndicho kinachotumika zaidi leo. Lakini B. V. Raman wa Bangalore, aliyeishi 1912 hadi 1998 na kulihariri jarida maarufu la unajimu kwa miaka mingi, alitumia kiwango chake kinachopungua kwa zaidi ya digrii 1. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini tutaona hapa chini kwamba inaweza kusogeza kipindi cha maisha ya mtu kwa miaka 2. Mjuzi hukwambia anatumia kiwango gani na kwa nini. Asiyejua hata kwamba kuna hitilafu, bado ni mwanafunzi.

Saa ya kuzaliwa, na mtego wa saa za Kiswahili

Chati yote husimama juu ya lagna, yaani digrii ya buruji inayochomoza upande wa mashariki mtoto anapozaliwa. Lagna husogea digrii 1 kwa dakika kama 4, na buruji nzima hupita kwa takriban saa 2. Mgawanyo mdogo uitwao navamsha, ambao wanajimu huutegemea sana katika mambo ya ndoa, hubadilika kwa lagna kila dakika 13 hivi. Kwa hiyo mtu akisema "nilizaliwa alfajiri" hajasema kitu. Alfajiri ya saa ngapi?

Na hapa Mswahili ana mitego yake mitatu, ambayo mnajimu wa mbali hawezi kuijua asipouliza.

Mtego wa kwanza ni saa. Mama akisema mtoto alizaliwa saa tatu usiku, maana yake ni saa 21:00 kwa hesabu ya Kizungu. Mtu akiiandika 3:00 PM kwenye programu, hitilafu ni ya saa 6, na lagna imeruka buruji 3.

Mtego wa pili ni siku. Kwetu usiku hutangulia mchana, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya jua kuchwa. Kwa kalenda ya serikali siku hugeuka saa sita ya usiku. Kwa Jyotisha siku ya juma huanza jua likichomoza. Hizo ni hesabu 3 za siku, na mzee anayesimulia kuzaliwa kwa mwanawe huenda anatumia moja huku anayesikiliza anatumia nyingine.

Mtego wa tatu ni mahali. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, ilhali Mombasa ipo karibu digrii 39 na dakika 40. Saa ya jua ya Mombasa kwa hivyo iko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika kama 21. Isitoshe, Mombasa ipo digrii 4 kusini mwa ikweta, na majedwali mengi ya zamani yalitengenezwa kwa miji ya kaskazini. Programu nzuri hurekebisha yote haya ikipewa mahali sahihi. Lakini ukiiambia mtu kazaliwa Delhi kwa kuwa ndilo jina la kwanza katika orodha, itakuchorea chati ya mtu wa Delhi.

India yenyewe ina mitego yake. Wakati wa vita vikuu vya pili, saa zilisogezwa mbele kwa saa 1 nzima kuanzia 1942 hadi 1945. Mzee aliyezaliwa huko miaka hiyo ni lazima aulizwe.

Alfabeti ya elimu

Baada ya hesabu huja lugha ya chati. Zipo graha 9: Jua, Mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, pamoja na Rahu na Ketu. Hizi mbili za mwisho si sayari. Ni nukta mbili ambapo njia ya mwezi hukatana na njia ya jua, na karibu nazo ndipo hutokea kupatwa kwa jua na mwezi. Hadithi za kale zinasema Rahu hulimeza jua, lakini Aryabhata, mwanahesabu aliyezaliwa mwaka 476, alikwisha eleza kwamba kupatwa ni suala la vivuli. Mwanafunzi mzuri hujua hadithi na hujua hesabu, wala hazichanganyi.

Zipo nyumba 12, zikihesabiwa kuanzia lagna. Ya kwanza ni mwili, ya 2 ni mali na jamaa, ya 4 ni mama na makazi, ya 5 ni watoto, ya 7 ni mume au mke, ya 10 ni kazi. Kila buruji ina mwenyewe miongoni mwa graha. Kila graha ina buruji inakopata nguvu na inakodhoofika. Zohali, kwa mfano, hupata nguvu katika Mizani na hudhoofika katika Hamali. Kila graha huitazama nyumba ya 7 kutoka ilipo, lakini Mirihi huongeza ya 4 na ya 8, Mshtarii ya 5 na ya 9, na Zohali ya 3 na ya 10.

Haya hukaririwa kama mtoto wa chuo anavyokariri alifu na be. Kuyajua yote hakujamfanya mtu msomaji. Kazi ngumu ni kuyapima pamoja, maana chati moja huwa na ishara zinazopingana: nyumba ya ndoa imekaliwa na graha kali, lakini mwenye nyumba hiyo yuko mahali pa nguvu, na Mshtarii anaitazama. Mwanagenzi hushika ishara moja akatoa hukumu. Mjuzi hataki kutamka mpaka jambo lilelile limejitokeza katika chati kuu, katika navamsha, na katika vipindi vya umri.

Vipindi vya umri

Kinachoitofautisha sana Jyotisha na unajimu wa Ulaya ni dasha, yaani zamu za sayari katika maisha ya mtu. Mfumo unaotumika zaidi huitwa Vimshottari, na jumla yake ni miaka 120: Ketu 7, Zuhura 20, Jua 6, Mwezi 10, Mirihi 7, Rahu 18, Mshtarii 16, Zohali 19 na Utaridi 17. Kituo alichokuwemo mwezi ndicho huamua zamu ya kwanza ni ya nani na imebaki kiasi gani.

Tuchukue mfano. Mtoto amezaliwa mwezi ukiwa katikati ya Krittika, kituo cha Jua. Jua lina miaka 6, na nusu imekwisha pita, basi imebaki 3. Akiwa na miaka 3 anaingia zamu ya Mwezi, akifika 13 anaingia ya Mirihi, na akifika 20 anaingia ya Rahu kwa miaka 18.

Sasa turudi kwenye ile saa tatu iliyokosewa. Kwa saa 6 mwezi husogea karibu robo ya kituo. Ikiwa kituo ni cha Zuhura chenye miaka 20, vipindi vyote vya mtu huyo vitasogea kwa miaka kama 5. Mnajimu atamwambia zamu njema inaanza akiwa na miaka 25, kumbe kwa kanuni zake mwenyewe ilianza akiwa na 20. Na hitilafu ya ayanamsha ya digrii 1 na kitu, katika kituo hicho hicho, ndiyo ile ya miaka 2 tuliyoitaja.

Hapa panapoumiza watu

Penye machozi zaidi ni ndoa. Familia nyingi za Kihindu hulinganisha chati za wachumba kwa mizani ya alama 36. Mafungu ni 8, na uzito wake ni kuanzia alama 1 hadi 8. Wakipata chini ya 18, wengi husita. Hesabu hiyo hutazama mwezi tu wa kila mmoja. Vitabu vyenyewe vinataka chati nzima zitazamwe, lakini alama ni rahisi, na tovuti huzitoa kwa sekunde moja, basi posa hurudishwa kwa namba.

Jingine ni ile kasoro ya Mirihi, iitwayo Mangal dosha. Husemwa mtu anayo iwapo Mirihi yupo katika nyumba ya 1, 4, 7, 8 au 12, na wengine huongeza ya 2. Hebu tuhesabu. Nyumba ni 12, na 5 au 6 kati ya hizo zina kasoro. Ina maana karibu nusu ya binadamu wote wanayo. Wanachuoni wa Jyotisha wanalijua hilo, ndiyo maana vitabu vina orodha ndefu ya mambo yanayoiondoa. Mnajimu anayemtisha binti wa watu kwa kasoro hiyo bila kutazama viondoshi vyake, ama hajasoma ukurasa wa pili, ama ana jiwe la kuuza.

Hali kadhalika Sade Sati, miaka 7 na nusu ya Zohali. Husemwa ipo Zohali anapopita buruji ya kabla ya mwezi wa mtu, buruji yenyewe na inayofuata. Buruji 3 kati ya 12 ni robo. Wakati wowote, robo ya watu mitaani wamo ndani ya Sade Sati, wakiwemo waliopata kazi, waliooa na waliojenga. Mtu anayekupigia simu akisema "nakuona una Zohali" ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupatia bila kujua lolote juu yako.

Je, utabiri huthibiti?

Makala ya haki hayawezi kuliruka swali hili. Februari 1962 graha zilikusanyika katika Makara, na wanajimu wengi wa India wakaonya juu ya maafa makubwa. Watu walifanya maombi ya halaiki. Siku zikapita, dunia ikabaki.

Baadaye mwanafizikia wa nyota Jayant Narlikar na wenzake walifanya jaribio katika jimbo la Maharashtra, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Walikusanya chati 200, nusu zikiwa za wanafunzi hodari na nusu za watoto wenye ulemavu wa akili, wakazichanganya. Wanajimu 27 walirudisha majibu, kila mmoja akiwa amepewa chati 40 azipambanue. Aliyefanya vizuri zaidi alipatia 24. Wastani wao haukufika nusu, yaani haukuwa bora kuliko kurusha sarafu.

Upande wa pili, Tume ya Vyuo Vikuu ya India iliamua mwaka 2001 kugharimia masomo ya Jyotisha katika vyuo vikuu. Wanasayansi wakapinga mpaka mahakamani, na mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikakataa kuingilia uamuzi huo. Kwa hiyo elimu hii inafundishwa rasmi, lakini kufundishwa si sawa na kuthibitishwa. Inasomwa kama sehemu ya turathi ya Kisanskriti, na atakayeifanyia kazi kwa uaminifu hana budi kuyajua majaribio hayo na kuyakubali yalivyo.

Kwa msomaji Mwislamu lipo pia suala la dini. Maulamaa hutenganisha hesabu za falaki, zinazotumika kujua kibla na nyakati za sala, na kutabiri mambo ya ghaibu. La kwanza ni elimu yenye faida, la pili limekatazwa. Kuijua Jyotisha inavyofanya kazi si sawa na kuisadiki, kama alivyotuonyesha Al-Biruni.

Adabu ya anayeifanya

Kwa walio ndani ya mila hiyo, mwenye kuifanya vyema hujulikana kwa tabia kabla ya utabiri. Huandika neno lake na tarehe, kisha hurudi baada ya miaka kutazama alipatia au alikosea, maana kumbukumbu ya mdomo huhifadhi yaliyosadifu na kusahau mengine. Husoma chati za watu ambao maisha yao yanajulikana, tena nyingi, kabla ya kugusa ya mgeni. Hatabiri kifo. Hamzuii mgonjwa kwenda hospitali. Hasemi jambo la mke mbele ya mume bila idhini yake. Akiambiwa saa ya kuzaliwa haijulikani, hukiri kwamba chati ya lagna haiwezekani, badala ya kubuni saa inayomfaa yeye.

India ilipitisha sheria mwaka 1954 kuzuia matangazo ya dawa na tiba za miujiza kwa maradhi yaliyotajwa, zikiwemo hirizi. Kuwepo kwa sheria hiyo kwaonyesha kwamba hata huko kwenyewe inakotoka elimu hii, watu waliona haja ya kulindwa.

Maswali ya kumuuliza

Ndugu msomaji, ikiwa wewe au jamaa yako atakutana na mtu anayejiita mnajimu wa Kihindi, muulizeni haya kabla ya kutoa hata shilingi:

1. Ananitaka saa na mahali pa kuzaliwa, au jina na pesa tu?
2. Anatumia ayanamsha ipi?
3. Nikimwambia saa tatu usiku, anauliza ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu?
4. Akitaja kasoro, anataja pia viondoshi vyake?
5. Dawa ya kasoro hiyo anaiuza yeye mwenyewe?
6. Yuko tayari kuandika utabiri wake kwa tarehe na kuutia sahihi?

Mwanafunzi mkweli wa Jyotisha hataudhika na maswali haya, kwa sababu ndiyo yale yale aliyoulizwa na mwalimu wake. Anayekasirika, au anayekuharakisha kwamba ukichelewa balaa litakupata leo usiku, mkatieni simu. Na posa ya binti yenu isirudishwe kwa namba iliyotoka kwenye tovuti. Kaeni na mchumba na wazee wake, mjue tabia yake, kazi yake na jinsi anavyomtendea mamake.